Kati ya Wangapi? Kukagua Hoja za Afya ya Jamii

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Tunaanza na sentensi inayozunguka kila mlipuko unapotokea: "Wengi wa waliougua walikuwa wamechanjwa, kwa hiyo chanjo haifanyi kazi." Hamisi, hiyo takwimu ni ya uongo?

HAMISI: Mara nyingi ni ya kweli kabisa, ndiyo maana inanasa watu. Kilichooza ni hilo "kwa hiyo".

ZUHURA: Tupige hesabu basi.

HAMISI: Chukua watu 1,000. 960 wamechanjwa, 40 hawajachanjwa. Tuseme ugonjwa unawapata nusu ya wasiochanjwa: wagonjwa 20. Chanjo inapunguza hatari mara kumi, kwa hiyo waliochanjwa wanaugua 5 katika kila 100. Hao ni 48.

ZUHURA: Jumla 68, na 48 kati yao walichanjwa. Asilimia 71!

HAMISI: Kichwa cha habari hicho, tayari. Ila waliougua ni 20 kati ya 40 upande mmoja, na 48 kati ya 960 upande wa pili. Mtoa hoja amehesabu wagonjwa, wazima akawaacha nje. Na kadiri wengi wanavyochanjwa, ndivyo asilimia ile inavyopanda. Wakichanjwa wote, kila atakayeugua atakuwa amechanjwa, hata chanjo iwe bora namna gani.

ZUHURA: Kwa msikilizaji mwenye kalamu: chora visanduku vinne. Waliochanjwa wakaugua, waliochanjwa wakabaki wazima, wasiochanjwa wakaugua, wasiochanjwa wakabaki wazima. Kisha tazama hoja uliyoletewa imejaza vingapi. Kwa kawaida ni viwili, wakati mwingine kimoja.

HAMISI: Kimoja, kama ile makala ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet iliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Watoto 12, wote wagonjwa, hakuna kundi la kulinganisha. Jarida liliifuta mwaka 2010. Uchunguzi wa Denmark uliotoka 2002 ulijaza visanduku vyote kwa watoto zaidi ya 530,000, na tofauti haikuonekana.

ZUHURA: Lakini tusiwaonee wapinga chanjo peke yao. Wataalamu nao hukosea, tena kwa barua rasmi.

HAMISI: Uingereza, Oktoba 1995. Kamati ya usalama wa dawa ilitahadharisha kwamba aina fulani ya vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda.

ZUHURA: "Maradufu" kutoka ngapi?

HAMISI: Kutoka takribani mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Mmoja zaidi. Wanawake wengi wakaacha vidonge, na mwaka uliofuata mimba zilizotolewa Uingereza na Wales ziliongezeka kwa takribani 13,000. Kibaya zaidi, ujauzito wenyewe huleta hatari ya kuganda damu kubwa kuliko ya vidonge hivyo.

ZUHURA: Kwa hiyo ukisikia "mara mbili" au "imepungua kwa nusu", dai namba ya mwanzo. Nusu ya 200 kati ya 1,000 inaokoa watu 100. Nusu ya 2 inaokoa mmoja.

HAMISI: Na wenye bidhaa wanajua mchezo huo. Faida wanaitangaza kwa asilimia, madhara wanayataja kwa "mmoja kati ya elfu kadhaa".

ZUHURA: Kuna na hii ya uchunguzi wa saratani: "Wanaogunduliwa mapema huishi miaka mingi zaidi baada ya kugunduliwa."

HAMISI: Huenda saa imeanza kuhesabiwa mapema tu. Mtu anafariki akiwa na miaka 70. Akigunduliwa na 67, kaishi miaka 3. Akigunduliwa na 60, kaishi 10. Kaburi lilelile, mwaka uleule. Uliza vifo kwa kila watu 100,000, kati ya waliopimwa na wasiopimwa.

ZUHURA: Nirudi kwenye visanduku vyetu. Tuseme vyote vinne vimejazwa, hesabu ni safi. Tumemaliza?

HAMISI: Bado. Mara nyingi wazee huchanjwa kwanza, na wazee ndio hufariki zaidi kwa magonjwa mengi. Ukiwachanganya na vijana, waliochanjwa wanaweza kuonekana wanakufa zaidi, ilhali katika kila rika chanjo inaokoa.

ZUHURA: Kwa hiyo jedwali moja kwa kila rika.

HAMISI: Angalau matatu: chini ya 40, 40 hadi 64, na 65 kwenda juu. Linganisha ndani ya rika, usivuke. Na ukikuta kundi lenye wagonjwa wawili watatu tu, usilisomee asilimia; mgonjwa mmoja akihama upande, namba zote zinapinduka.