Barua za machimboni: California 1851, dada anamwandikia mdogo wake

Haya karibuni, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo tunaongelea rashi ya dhahabu ya California, Marekani, yaani ile mbio ya watu kukimbilia kuchimba dhahabu, ila sio zile stori za nani kaokota jiwe kubwa, hizo mshazisikia sana. Nataka tuiangalie kupitia barua, maana dhahabu ilionekana pale Januari 1848 na mwaka uliofuata watu wakamiminika kwa maelfu, karibu wote wanaume, wengi wameacha mke na watoto upande wa pili wa nchi. Barua ilikuwa inapanda meli mpaka Panama, inavuka kwa nchi kavu, inapanda meli nyingine, na mpaka katikati ya 1851 stempu peke yake ilikuwa senti 40, hela nyingi wakati huo.

Sasa mimi ukinipa barua ya zamani swali langu la kwanza ni anaandikiwa nani. Jamaa kakopa nauli, kamwahidi mke atarudi tajiri, unadhani ataandika kwamba ameshinda mtoni maji ya barafu mpaka kiunoni na jioni kaenda kamari? Haandiki. Ataandika msimu ujao mambo yatanyooka, na msimu ujao anaandika hivyo hivyo. Naona mnacheka, inaonekana tunao hao majumbani kwetu.

Ndo maana mimi nampenda Louise Clappe. Mumewe alikuwa daktari, wakaenda wote Rich Bar, kambi iliyoko bondeni kabisa kwenye mto Feather, na kuanzia Septemba 1851 mpaka Novemba 1852 akamwandikia mdogo wake Molly barua 23. Huyu hadaiwi hela na mtu kule nyumbani, anamwandikia mdogo wake basi, anasema anachokiona. (Baadae zilitoka kwenye jarida moja la San Francisco, 1854 na 1855, kwahiyo sitashangaa kama kuna mahali kapiga msasa, hilo tuliweke akilini.)

Wanawake alowakuta Rich Bar walikuwa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wamefikia hoteli, yaani nyumba ya mbao na maturubai, ambayo wacheza kamari waliijenga kwa dola 8,000 na ushei kwa sababu kila ubao na kila msumari umebebwa mgongoni kwa nyumbu, kilo moja tu ya mzigo kusafirisha ilikuwa inakaribia dola nzima. Anaingia anamkuta mama mwenye hoteli yuko jikoni anapikia watu kama sita, na mtoto wake analia kwa nguvu zote ndani ya kikapu cha kubebea chupa za shampeni, ndo kitanda chake. Mtoto ana wiki mbili! Mama hana likizo ya uzazi hapo, wateja wanataka chakula.

Na kuna mama mwingine, huyu wachimbaji walikuwa wanamsifia mbele za watu, mwanamke wa shoka, kamwingizia mumewe dola 900 kwa wiki tisa kwa kufua nguo tu. Kufua! Halafu Louise mwenyewe akajaribu kuosha mchanga kwenye karai, akapata dola 3 na senti 25, akamtumia mdogo wake ile dhahabu ndani ya barua, na akamwambia imemgharimu nini: miguu imelowa, gauni limechanika, glavu mpya zimeharibika, kichwa kinauma, mafua, na pini ya thamani imepotea. Pigeni hesabu wenyewe mniambie hela ilikuwa kwenye mchanga au kwenye beseni la nguo chafu.

Lakini kuna mengine hayachekeshi. Mama mmoja aliugua siku chache akafa, kaacha watoto wadogo, na jeneza wakalifunika kitambaa walichoazima kwenye meza ya kamari, ndicho kilichokuwepo. Krismasi ya 1851 watu walikunywa karibu wiki tatu mfululizo, halafu theluji ikafunga njia, nyumbu hawashuki, wakabaki na unga, samaki wa chumvi na nyama ya nguruwe iliyokauka. Kiangazi cha 1852 wazungu wa Marekani wakawageukia wachimbaji wa Kimeksiko na Wachile, wakawachapa viboko hadharani, na yeye anaandika kwamba haki haikuwepo. Tukumbuke mwaka 1850 serikali iliwahi kuwawekea wachimbaji wageni kodi ya dola 20 kwa mwezi, kwahiyo chuki ilikuwa na baraka kutoka juu.

Ilipofika Novemba 1852 mradi mkubwa wa kuchepusha mto, ili wachimbe dhahabu chini yake, ulikuwa umefeli, kambi imebaki karibu tupu, na huyu mama anaondoka na huzuni, anamwambia Molly kwamba ameyapenda yale maisha.

Kuna mtu kaniuliza hapa mbele, sasa mume je? Swali zuri hilo. Kwenye barua zote anamwita kwa herufi moja tu, F., anamtania, anacheka ile ofisi yake ya sakafu ya udongo, ukisoma utasema ni ndoa shwari kabisa. Waliporudi San Francisco kila mtu akashika njia yake, mwaka 1857 wakapeana talaka, na Louise akawa mwalimu wa shule. Molly aliambiwa mpaka bei ya mizigo, ila hilo kwenye zile barua halimo.