Saint-Saëns: Fundi au Mwenye Mahadhi?

NEEMA: Karibuni tena. Leo ni Saint-Saëns, mtunzi wa muziki wa Ufaransa: ni fundi tu, au ana mahadhi yake? Kaka Abuu kaja na kinyongo.

ABUU: Sina kinyongo, dada. Jumamosi nilikuwa harusini Sinza. Maharusi wanaingia, mpiga kinanda akawapigia "Batamaji" ya Saint-Saëns. Ukumbi kimya, hata kina mama wa vigelegele! Halafu MC akashika maiki: "Asante kwa huo wimbo wa filamu."

NEEMA: (anacheka) Mwonee huruma. Ni wa Kanivali ya Wanyama, mkusanyiko wa vipande vifupi vya kuigiza wanyama, 1886. Mzee aliiandika kwa utani, akakataza isichapishwe akiwa hai, akaruhusu huo mmoja tu.

ABUU: Kwa kuwa alijua ndio wenye mahadhi. Watu wanamwita fundi, halafu basi. Wanamnyima haki yake.

NEEMA: Ila mnamsifia pasipo pake. Mahadhi mengi ni ya kuazima! Kobe wake wanatembea na kan-kan ya mtunzi Offenbach, ile dansi ya kurusha miguu, kaipunguza mwendo hadi inajiburura. Tembo kapewa dansi ya mtunzi mwingine, Berlioz, ya viumbe wepesi wa hewani, inapigwa kwa kontrabasi, ile fidla kubwa ya sauti nzito.

ABUU: Kobe niliwaona. Mashemeji wakileta zawadi mbele.

NEEMA: Na tembo?

ABUU: Mwenyekiti wa kamati. Tena mnene kuliko michango aliyokusanya.

NEEMA: Mpiga kinanda naye yumo. Kuna kipande kinaitwa "Wapiga Piano", wako humo humo kati ya wanyama, wanahangaika na skeli, yale mazoezi ya kupanda na kushuka noti.

ABUU: MC je?

NEEMA: Kuna kipande chake humo pia, "Viumbe wenye Masikio Marefu."

ABUU: (anacheka sana) Subiri, na mpiga picha aliyesimama mbele ya keki?

NEEMA: Kaka, turudi. Konseto yake ya pili, kazi ya piano na okestra, 1868. Ule wimbo mkuu mwanzoni ulitoka kwa mwanafunzi wake, Fauré, kwenye kazi ya kanisani aliyokuwa ameitupa. Konseto ya tano, kaiandika akiwa Luxor, Misri, 1896, katikati kaweka wimbo wa mapenzi wa Wanubi aliousikia mtoni Nile.

ABUU: Juma Bhalo wa taarabu naye alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi. Utasema hakuwa na kipaji?

NEEMA: Alikuwa na sauti. Saint-Saëns ana mikono. Simfonia yenye Ogani: violini zinaanza kwa maina, ule mlio wa huzuni, zinatetemeka kama mtu mwenye homa. Mwishoni wimbo ule ule unarudi kwa meja, mlio wa furaha, mpana, piano ya mikono minne ikiumwagia noti juu. Wimbo mtamu mno usingekubali kukunjwa hivyo. Alihitaji wimbo wa kawaida, na hapo ndipo namvulia kofia.

ABUU: Na kwenye opera yake, Delila akimbembeleza Samsoni? Ule kaazima kwa nani?

NEEMA: Sikiliza okestra inavyopepea chini yake.

ABUU: Umekwepa. Hata "Batamaji" utaniambia ni ufundi.

NEEMA: Ndiyo! Sello, ile fidla kubwa ya kuegemeza magotini, inaimba, lakini piano mbili ndizo maji. Ondoa maji uone.

ABUU: Yaliondolewa, dada! Sinza hakukuwa na sello wala piano mbili. Kinanda kimoja cha umeme, spika inakoroma, na ukumbi ukanyamaza.

NEEMA: Bibi harusi alikuwa anaingia. Wangenyamaza hata kwa jenereta.

ABUU: Hapana. Wimbo ndio uliowanyamazisha.

NEEMA: Hilo si hoja.

ABUU: Ndiyo hoja yenyewe.

NEEMA: Sikubali.

ABUU: Wala mimi.

NEEMA: Fundi mitambo ananionyesha saa. Na yale mambo matatu ya kusikiliza tuliyowaahidi?

ABUU: Muda umekwisha kwa mashemeji. Sikilizeni konseto ya pili tu, mtuandikie.

NEEMA: Muanzie pale wimbo wa Fauré unapoingia.

ABUU: Wa Saint-Saëns.

NEEMA: Wa Fauré, kaka.

ABUU: Aliyeutupa ni nani? Aliyeuokota ni —

(Mwisho wa kurekodi)