Oili ndani ya manifoldi: anza na valvu ya PCV

Karibuni tena wadau. Leo nina Toyota yenye injini ya 1NZ, hizi za kwenye IST na Probox. Mwenye gari analalamika oili inapungua, na asubuhi akiwasha linatoa moshi wa bluu. Paipu ya hewa ya kutoka ea klina, yaani chujio la hewa, nimeshaichomoa. Sogeza kamera hapa. Mnaona? Nikipitisha kidole kinatoka cheusi, na kule chini oili imetuama kabisa.

Utando mwembamba humu ndani ni kawaida, usikimbilie kufungua. Injini ikifanya kazi, gesi hupenya pembeni ya ringi za pistoni, zikachanganyika na mvuke wa oili, kisha zinarudishwa kwenye manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, zichomwe. Anayeruhusu zipite ni huyu mdogo hapa kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini: valvu ya PCV.

Sasa tazama oili iko upande gani wa throtoli, kile kizibo kinachofungulia hewa iingie manifoldi ukikanyaga mafuta. Ikiwa imejaa ndani ya manifoldi tu, valvu huenda imekwama wazi, inavuta muda wote. Ikiwa na paipu ya ea klina imelowa, kama hii yetu, basi valvu imeziba au ringi zimechoka: presha inakosa pa kutokea, inasukuma oili kwa mlango mwingine. Pima kiwango cha oili na kijiti pia, maana kuna waliozidisha oili wenyewe.

Fungua valvu uitikise karibu na sikio. Nzima hulia kechekeche. Hii yetu, sikilizeni… kimya. Chomeka kipande cha paipu safi upulize: ukipuliza upande wa injini hewa ipite kirahisi, upande wa manifoldi ipite kwa shida. Puliza tu, usivute, mvuke wa humo ni sumu. Hii inakataa pande zote, kwa hiyo tunaweka mpya. Bila hilo, kusafisha ni kupoteza muda.

Tuje kwenye manifoldi. Wengine hupuliza dawa ya kopo kwenye throtoli injini ikinguruma, wakaona wamemaliza. Ile oili iliyotuama inaingia silinda kwa mkupuo, mimi sishauri. Acha injini ipoe, toa waya hasi wa betri, piga picha paipu zote kabla hujachomoa hata moja. Nati legeza zamu kwa zamu, ukianzia pembeni.

Ikitoka tu, ziba matundu yote ya silinda hedi kwa vitambaa safi. Nati moja ikidondokea humo, kazi ya leo inageuka kazi ya wiki.

Manifoldi ya plastiki isugue kwa mafuta ya taa na brashi laini, halafu maji ya sabuni, halafu kompresa. Ya alumini usiitie kostiki (soda kali), inaila alumini. Lazima ikauke kabisa. Gasketi weka mpya, kaza ukianzia katikati kwenda nje, na vitambaa vyote vihesabu vimetoka.

Washa. Mlio ukipanda na kushuka bila kukanyaga mafuta, kuna mahali inavuta hewa, rudia maungio.

Mwambie mwenye gari arudi baada ya kilomita 1,000, uchomoe ile paipu ya ea klina. Ukikuta oili imetuama tena na valvu ni mpya, pima kompresheni, yaani presha ya ndani, ya silinda zote nne: huenda ringi ndizo zimechoka.