Kutoka Ziwani hadi Mandara

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Wa nyuma sogeeni mbele, leo sina kipaza sauti.

Hapa Mwanza nikisema nimepanda Kilimanjaro, swali ni lilelile: "Ulifika juu?" Sikufika. Niliishia Mandara, kituo cha kwanza cha vibanda kwenye njia ya Marangu, nikashuka siku hiyohiyo, na nimekuja kututetea sisi tunaoishia Mandara.

Tazameni ziwa hapo dirishani. Maji yale yako kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sisi tunalala mlimani bila kujijua. Geti la Marangu liko karibu mita 1,900, Mandara 2,720. Ni kilomita nane hivi, msitu mtupu: miti imeota ndevu, mbega wanaruka na mikia ya manyoya meupe, maji yanachuruzika huku na huku. Njia nzima kilele hukioni. Ukikitaka, kutoka Mandara sogea hadi kreta ya Maundi, robo saa tu, mawingu yakikubali.

Uhuru penyewe ni mita 5,895. Kule oksijeni unayovuta ni kama nusu ya ile ya pwani, na mwili hauzoei kwa siku moja, hata uwe mvuvi wa kuvuta nyavu usiku kucha. Vijana wenye misuli ndio hukimbia mwanzoni, halafu wanashushwa kwa machela ya gurudumu moja. Mwenye nia ya kilele atenge siku tano, bora sita. Kiingilio kisiwatishe, Mtanzania analipa kwa shilingi, nafuu mno kuliko mgeni.

Jingine ni la aibu kidogo: kateni kucha. Mimi nilipuuza. Kupanda hakuna neno, ila wakati wa kushuka vidole vinagonga pua ya kiatu kila hatua. Mbili ziling'oka wiki ileile, nikawa naingia ofisini na kandambili.

Na wagumu, ndivyo wapagazi wanavyojiita kule, msiwapite bila salamu. Nilifika Mandara nimechoka, nikasikia harufu ninayoijua. Nikaifuata hadi nyuma ya vibanda. Jamaa watatu wamezunguka sufuria, ugali na dagaa. Nikauliza, hawa wa wapi?

"Wa Mwanza hawa, mzee. Nawa mikono."