Chombo Kimfuate Baharia

Ndugu zangu, walimu wa michezo, wazazi, na nyinyi vijana mliokuja kwa magongo na viti vya magurudumu, asanteni kwa kuitikia mwaliko. Nimeombwa nizungumzie mbio za tanga za watu wenye ulemavu wakati wa Korona. Nitaanza na mtu mmoja.

Tarehe 8 Novemba 2020 Ufaransa ilikuwa imefungwa, watu hawatoki majumbani ila kwa sababu maalumu. Pale Les Sables-d'Olonne, ambapo kwa kawaida watu hujaa gatini kuwaaga manahodha wa mbio za Vendée Globe, safari hii hapakuwa na umati. Manahodha 33 walikuwa wamekaa karantini na kupimwa. Wakatweka matanga kwenda kuizunguka dunia, kila mmoja peke yake, bila kuingia bandari yoyote na bila kusaidiwa na mtu.

Miongoni mwao alikuwamo Damien Seguin, aliyezaliwa bila kiganja cha mkono wa kushoto. Hakuwa mgeni wa bahari. Alikwishatwaa dhahabu ya Paralimpiki mara mbili, Athens 2004 na Rio 2016, akiendesha chombo cha mtu mmoja kiitwacho 2.4mR. Lakini mwaka 2005, dhahabu ya kwanza ikiwa bado inang'aa, alikataliwa kushiriki mbio za Solitaire du Figaro kwa sababu ya mkono huo. Mwaka huohuo akaanzisha chama chake, Des Pieds et des Mains, cha kuwapeleka baharini pamoja wenye ulemavu na wasio nao.

Hebu mtazameni kazini. Chombo kina urefu wa futi 60 na tanga lake kuu ni zito mno. Kulitweka na kukaza demani, yaani kamba ya kulivutia tanga, kunataka mtambo wenye vishikio viwili, unaozungushwa mithili ya pedali za baiskeli, ila kwa mikono. Kishikio kimoja kimefungwa mfuko mgumu. Seguin anautumbukiza mkono wake wa kushoto humo, wa kulia unashika upande wa pili, anazungusha. Kwa mfuko ule akapita kusini mwa Afrika, kusini mwa Australia na Rasi ya Horn, ncha ya kusini ya Amerika.

Tena chombo chake hakikuwa na yale mabawa ya majini yanayokiinua chombo kiruke juu ya mawimbi. Alirudi tarehe 28 Januari 2021 akiwa wa saba, baada ya siku 80 na saa karibu 22. Kati yake na mshindi haikupita siku nzima. Wapo wenye viganja viwili na mabawa chini ya chombo waliofika nyuma yake, na wanane hawakumaliza. Mimi hilo linanifurahisha sana, wala sifichi.

Sasa tuje kwa wale ambao kamera hazikuwafuata.

Kuna chombo kidogo kiitwacho Hansa 303, chenye urefu wa mita tatu na ushei. Baharia anakaa chini kabisa, anatazama mbele, na usukani ni kijiti kilicho mbele yake. Ubao wa katikati umetiwa uzito, kwa hiyo si rahisi kupinduka. Kwa asiyeweza kushika kijiti, chombo hufungiwa mota za umeme za kumsaidia kukiongoza. Alikuwako pia marehemu Hilary Lister wa Uingereza, aliyepooza kuanzia shingoni, ambaye mwaka 2009 alikizunguka kisiwa cha Britania akiongoza chombo kwa mirija mitatu mdomoni, kwa kunyonya na kupuliza.

Mtu angedhani chombo cha mtu mmoja kingefaa mno wakati wa Korona, maana baharini nafasi ni tele. Kikwazo kilikuwa gatini. Kumtoa mtu kwenye kiti cha magurudumu na kumweka chomboni kunataka winchi na mkanda, au watu wawili: mmoja amkumbatie kwapani, mwingine ashike miguu, pumzi zikikutana. Utaachaje mita mbili hapo? Na wenye vifua dhaifu ndio hasa walioambiwa wajifungie. Huko England michezo ya majini iliruhusiwa tena Mei 2020, ilhali walio hatarini zaidi waliendelea kushauriwa kujikinga nyumbani hadi mwisho wa Julai. Aliyekuwa na mzazi au mwenza wa kumnyanyua alikuwa na njia. Aliyetegemea watu wa kujitolea wa klabu alibaki dirishani.

Paralimpiki ya Tokyo ikasogezwa hadi Agosti 2021. Ilipofika, mbio za tanga hazikuwamo, kwa mara ya kwanza tangu Sydney 2000. Hilo msiitwike Korona. Uamuzi ulitolewa Januari 2015, kwa maelezo kwamba mchezo haujaenea duniani vya kutosha. Januari 2023 ombi la kuurudisha kwa ajili ya Los Angeles 2028 nalo likakataliwa.

Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu kuenea huko kunatuhusu sisi. Kuanzia Lamu hadi Mtwara tuna mashua, tuna ngalawa, tuna watoto wanaojua kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo, kabla hawajajua kuandika. Mwenye ulemavu anaachwa ufukweni achunge nguo za wenzake. Mwishoni mwa 2022 mashindano ya dunia ya mchezo huu yalifanyika Mussanah, Oman, nchi yenye nyumba nyingi ambamo Kiswahili ndicho cha mezani. Hapakuwa mbali kwetu kama Rio.

Kwa hiyo ninyi wa vyama vya michezo, nawaomba mambo mawili bajeti ijayo: njia ya mteremko gatini ambayo kiti cha magurudumu kinaweza kushuka hata maji yakiwa yamekupwa, na winchi moja ya kumshushia mtu. Vyombo vya kuanzia tunavyo, na mafundi wa kuvirekebisha wamekaa humu ukumbini. Maswali nayapokea, tuanze na wale vijana walio nyuma.