Nani Afungue Mlango?

Wazee shikamooni, wenzangu habari za mchana. Naona wengi mmeegesha juani, basi nianzie hapo hapo.

Jumamosi moja pale Mbuyuni, hapa hapa Moshi, mama mmoja alipakia mzigo, funguo akazisahau kwenye kiti, milango ikajiloki. Mtoto ndani. Watu wakakimbilia fundi wa kufungua kwa waya. Mimi nilimtazama mtoto: alilia, nywele zikalowa jasho, kisha akanyamaza. Ukimya ule ndio ulionitisha. Kijana wa bodaboda hakungoja fundi. Alichukua wilispana akapiga kioo cha upande wa pili, mbali na mtoto.

Alifanya vyema. Watafiti wa Marekani walipima mwaka 2005: gari lililofungwa juani lilipanda joto takriban nyuzi 22 za Selsiasi ndani ya saa moja, na joto kubwa liliingia nusu saa ya kwanza. Kushusha kioo kidogo hakukusaidia.

Kule Marekani kuna OnStar, huduma ya simu kwa wenye magari ya kampuni ya General Motors, tangu 1996. Unapiga simu, unajitambulisha, mhudumu anatuma amri, loki inaachia. Ningekuwa nayo siku ile ningeshukuru. Ila gari halimjui mwenyewe, linajua amri tu. Mwaka 2015 Samy Kamkar, mtafiti wa usalama wa kompyuta, alitengeneza kijidude cha kunasa mawasiliano ya programu ya simu ya OnStar, akaweza kufungua milango. Mwaka 2024 watafiti wengine walionyesha kwamba Kia nyingi za kule zingeweza kufunguliwa na mtu aliyejua namba ya gari tu. Namba hiyo hiyo tunayoibandika mbele na nyuma! Kasoro zote mbili zilizibwa.

Ugumu wenyewe uko kwa yule mhudumu. Mwizi naye anajua kulia kwenye simu, "mwanangu yuko ndani!" Mhudumu akihoji sana, mtoto anaungua, asipohoji, gari limekwenda. Mimi ningekubali afungue haraka, mradi amri ya mlango isiwashe injini, na mwenye gari apate ujumbe papo hapo.

Sisi lakini magari yetu mengi ni mitumba ya Japani. Hata kama lilikuja na huduma ya namna hiyo, mkataba ulibaki huko. Kwa hiyo ni kioo. Cha mbele usihangaike nacho, kina plastiki katikati. Piga cha pembeni, kwenye kona, kwa kitu chenye ncha ngumu. Magari mapya mengine vya pembeni navyo vina plastiki. Aina imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kona ya kioo. Isomeni kabla hamjaondoka hapo nje.