Sukari Kwanza, Makopo Baadaye

Jamani, mtanivumilia, haya nimeyasema hadi kipaza sauti kimeyakariri. Kila kliniki ya kisukari kuna mtu anatoa kopo la virutubisho mkobani: "Daktari, hii inatoa sumu mwilini." Kopo limemgharimu kuliko vijiti vya kupimia sukari. Nikiuliza asubuhi ilisoma ngapi, jibu ni kwamba vijiti vimeisha!

Sumu yenyewe ipo, sibishi. Sukari ikizidi kwenye damu, kuna seli zisizojua kufunga mlango: za mishipa midogo ya macho, za figo, za neva. Zinapokea tu. Ndani yake mitokondria, yaani vijiko vya nishati vya seli, zinachoma sukari kupita kiasi na kumwaga superoksidi, aina ya oksijeni kali inayojeruhi seli ile ile ilimotoka. Mtafiti wa kisukari Michael Brownlee wa New York aliyapanga haya vizuri mwaka 2001. Jiko la mafuta ya taa mnalijua: pandisha utambi mno, uone masizi. Sasa ninyi mnanunua sabuni ya masufuria, utambi hamuugusi.

Najua hapo nyuma mtu anasema, huyu anatetea dawa zao za hospitali. Haya. Vitamini E si ndiyo hiyo hiyo mnayosifiwa kwenye makopo, kwamba inazima sumu kama hiyo? Utafiti wa HOPE ulichukua watu zaidi ya 9,000, wenye kisukari wakiwa zaidi ya 3,600. Nusu wakameza yuniti 400 kila siku, nusu kidonge kisicho na dawa, kwa miaka minne na nusu hivi. Majibu yakatoka mwaka 2000: mshtuko wa moyo, kiharusi, vifo vya moyo, hakuna tofauti. Hakuna! Sasa tazama utafiti mwingine, DCCT, Marekani na Kanada, watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza. Waliobana sukari kwa insulini na kujipima kila siku, hatari ya macho kuanza kuharibika ilishuka kwa asilimia 76. Nileteeni kopo lililofanya hivyo.

Mchicha kuleni, sikatazi mboga.

Sukari inayoruka baada ya ugali tuiache, mwenyekiti ananionyesha saa. Ila ule mchezo wa kujinyima siku tatu kabla ya kliniki, acheni. HbA1c, kipimo cha damu cha wastani wa sukari, inasoma miezi miwili mitatu ya nyuma, itakusema tu. Na wa insulini, msibane hadi mkazimia: kwenye DCCT hiyo hiyo, sukari kushuka vibaya kuliongezeka karibu mara tatu. Tembea na glukosi mfukoni, na wa nyumbani wajue ilipo.